Risasi chakavu ya nyavu: namna ya kuipata, kuipima na kuiyeyusha hapa Kigoma

Mtu akikutajia bei ya kilo ya risasi chakavu, bado hajakutajia bei. Bei yenyewe utaijua baada ya kuyeyusha, ukishatoa vibanio vya chuma, mchanga, kamba kuukuu na zinki iliyojificha humo, ukarudisha mizanini kile kilichobaki. Nashona na kufunga nyavu Katonga tangu ujana wangu, na kila msimu naona vijana wanakuja na mfuko wa risasi walioununua kwa bei ya chini wakiwa na furaha, na mfuko huo ukifika motoni unakuwa ghali kuliko ule walioukataa. Vijana hawa wanakesha ziwani kwa jasho lao. Sipendi kuona jasho hilo likiishia kwenye takataka za mtu wa skrepa, na hata zaidi sipendi kuona watoto wao wakivuta sumu kwa sababu baba alitaka chubwi za bure.

Ninaongelea risasi ya nyavu na ya mishipi, yaani chubwi zinazoshusha kamba ya chini ya nyavu za makila na zile zinazozamisha ndoana za migebuka. Risasi za bunduki ni habari nyingine. Hapa nchini kuzitengeneza bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ukija kwangu na kalibu ya kumiminia risasi za namna hiyo nitakuomba uondoke. Huko Marekani wapo wawindaji na walenga shabaha wanaojiyeyushia za kwao, na vitu wanavyovisaka ni hivi hivi tunavyovisaka sisi: risasi za kubalansi tairi, mabomba ya zamani, maganda ya nyaya. Tofauti ni kwamba wao wanataka metali ngumu. Mchanganyiko wao mmoja maarufu una sehemu 90 za risasi, 5 za stani na 5 za antimoni, metali mbili zinazoigumisha. Sisi tunataka laini, ile inayokunjika kuzunguka kamba bila kupasuka. Kwa hiyo ukisoma maelezo yao mtandaoni wakisifia risasi ya tairi kuliko zote, kumbuka wanasifia ugumu wake, na ugumu huo kwetu ni kasoro.

Bei inatoka wapi

Bei ya risasi duniani hutajwa kwa dola kwa tani kwenye soko la metali la London, na mwenye simu yoyote yenye intaneti anaweza kuisoma. Kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka dola 2,000 kwa tani, mara juu kidogo, mara chini kidogo. Gawanya kwa 1,000 upate dola 2 kwa kilo, kisha zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo. Tuseme dola ni shilingi 2,500: kilo ni shilingi 5,000. Hiyo ni risasi iliyosafishwa kufikia asilimia 99.97, ikiwa imepangwa ghalani tayari kwa kiwanda. Skrepa ya mtaani haistahili bei hiyo hata siku moja. Muuzaji wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, akikutajia bei inayoikaribia, mwonyeshe hesabu hiyo kwenye simu yako kwa upole. Mara nyingi atashuka mwenyewe.

Sasa tazama tulipo. Kigoma ni mwisho wa reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Mnunuzi wa vyuma chakavu hapa kwetu ananunua akifikiria nauli ya mzigo kurudi pwani, mikono miwili au mitatu itakayoupokea njiani, na kila mkono unataka chake. Wewe huna nauli hiyo. Risasi yako itayeyushwa Katonga na kuzama Katonga. Ndiyo sababu unaweza kumwongezea kijana wa tairi mia mbili au mia tatu juu ya anachopewa na mtu wa skrepa, naye akakuwekea wewe kwanza, na bado ukawa umenunua kwa bei nzuri. Wengi hawaioni nafasi hii. Wanasubiri risasi ipite kwa mtu wa kati ndipo waifuate kwake na kumlipa faida yake.

Kuna jambo la mwezi pia. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza. Mbalamwezi ikishamiri taa hazivuti samaki, vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinapandishwa mchangani, na kila mtu anakumbuka kwa pamoja kwamba wavu wake umechanika. Wiki hiyo chubwi zinatafutwa Kibirizi, Katonga mpaka Ujiji. Nunua risasi yako siku za giza la mwezi, wakati wenzako wako majini. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nyavu za mkoa mzima zilikuwa nchi kavu kwa wakati mmoja, na aliyekuwa na risasi kwenye ndoo tangu mapema alifanya kazi kwa utulivu.

Pa kuitafuta

Chanzo bora kuliko vyote ni nyavu zilizokufa. Wavu umeoza, umechomwa na jua, unatupwa nyuma ya nyumba, na kamba yake ya chini bado imejaa risasi laini ambayo ilishachaguliwa kwa kazi hii hii. Waulize wazee wenye mitumbwi isiyoshuka tena majini. Usimwambie mzee kwamba ni takataka. Mwambie, "Shikamoo baba, nimeona ule wavu, naomba uniuzie kamba ya chini." Lipa kwa kilo, fumua mwenyewe, na kamba umrudishie, maana ataitumia kufungia mbuzi.

Baada ya hapo nenda kwa mafundi tairi, kuanzia Gungu hadi Mwandiga. Risasi za kubalansi ziko za aina mbili: zile zenye kibanio cha chuma zinazogongwa kwenye ukingo wa rimu, na zile bapa zinazobandikwa kwa gundi. Zenye kibanio huwa na antimoni kidogo, asilimia 2 hadi 4, kwa hiyo ni ngumu. Za kubandika, zikiwa ni risasi kweli, ni laini na karibu ni safi. Tatizo ni hilo neno "zikiwa". Ulaya ilishakataza risasi kwenye magurudumu ya magari madogo tangu mwaka 2005, na zinazokuja sasa nyingi ni zinki au chuma. Geuza kila moja uisome. Herufi Pb ni risasi, Zn ni zinki, Fe ni chuma. Nyingine hazina maandishi. Hizo weka pembeni uzipime.

Maganda ya risasi ya nyaya za zamani za ardhini ni risasi nzuri sana, na ndiyo yanayopeleka watu polisi. Waya wa umeme, wa simu au wa reli hauna mwenyewe mmoja mtaani. Ni mali ya shirika, na anayenunua cha wizi naye anashtakiwa. Ukiletewa ganda usiku, au na kijana asiyeweza kueleza limetoka wapi, mwambie hapana na usimwulize bei. Akiwa nayo karatasi ya mnada au ya mkandarasi, ichukue nakala kabla hujatoa hela.

Mabamba ya risasi hutoka pia kwenye majengo ya zamani, pengine vyumba vya eksirei vilivyobomolewa. Bamba lenyewe halina mionzi. Lakini ukikutana na chombo kizito cha risasi kilichofungwa kama mtungi, hasa chenye alama ya mionzi ya mabawa matatu, usikifungue, usikikate, usikipakie kwenye bodaboda. Ondoka hapo na utoe taarifa polisi ili TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, waje. Vyombo hivyo hutengenezwa kwa risasi kwa sababu ya kilichomo ndani.

Betri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa mwambao wetu wanapoumia.

Zamani tulivua kwa karabai. Leo usiku ukitazama ziwani ukiwa Bangwe unaona taa nyeupe za umeme, na kila taa ina betri. Vijijini nako sola zimeingia, kila nyumba ina betri. Betri zikifa zinarundikwa chini ya mwembe, na kila kijana anajua kwamba ndani kuna risasi, tena zaidi ya nusu ya uzito wake. Anachukua panga, anapasua, anamwaga maji yake kwenye mchanga, anatoa sahani anaziweka motoni. Nimeona jambo hili likifanyika hatua chache kutoka kwa akina mama walioanika dagaa.

Usifanye. Maji yale ni tindikali ya salfa, inaunguza jicho na inaua udongo. Sahani zile si metali tupu. Sehemu kubwa ni ugamba wa oksaidi na salfeti ya risasi, ambao moto wa mkaa wa jikoni haugeuzi kuwa metali. Unapata kipande kidogo cha risasi na vumbi jingi, na vumbi hilo ndilo sumu yenyewe. Metali ya sahani nayo mara nyingi imechanganywa na vitu kama antimoni, kalsiamu au aseniki, na mabaki ya aina hiyo yakikutana na unyevu na tindikali yanaweza kutoa gesi ya kuua. Hata kwa hesabu ya shilingi peke yake, betri haikulipi.

Majirani zetu wameshalipa gharama hii. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu kuanzia 2007 hadi 2014. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake ana risasi kwenye damu, akaanza kupigania mtaa mzima. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Na huko Senegal, kwenye kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 mahali ambapo watu walikuwa wakipepeta mchanga uliojaa vumbi la betri. Hao hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na ungo na mifuko, wakifanya kazi nyumbani kama sisi.

Betri iliyokufa iuze nzima, na maji yake ndani, kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, chombo cha serikali cha mazingira. Hela utakayopata inanunua kilo kadhaa za risasi safi, na ua wako unabaki salama.

Kuipima kabla ya kulipa

Kucha inatosha kwa mwanzo. Risasi laini inakwaruzika kwa kucha na kuacha mfereji unaong'aa. Ya tairi yenye antimoni inakataa au inakwaruzika kwa shida. Zinki haikubali kabisa. Idondoshe juu ya sakafu ya saruji. Risasi inatoa sauti iliyokufa, zinki inalia. Koleo la kukatia waya linazama kwenye risasi, kwenye zinki linateleza. Sumaku ya spika ya redio mbovu inatoa chuma chote kwenye rundo kwa dakika mbili, kwa hiyo tembea nayo mfukoni.

Lakini kipimo ninachokiamini ni cha maji. Risasi ni nzito mara 11.3 kuliko maji, zinki mara 7.1. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya dijitali inayosoma gramu kumi kumi. Weka kilo 5 za vipande kwenye kipande cha wavu, soma, kisha zamisha mzigo wote kwenye ndoo ya maji ukiwa bado unaning'inia, usiguse chini wala pembeni. Tikisa mapovu yatoke. Soma tena. Kilo 5 za risasi zitapungua gramu 440 hivi. Kilo 5 za zinki zitapungua gramu 700. Ukikuta imepungua 520 au 550, ujue kuna kitu kimechanganywa, zinki au vibanio vya chuma, na una haki ya kushusha bei au kuondoka. Nimeona wauzaji wenye maneno mengi wakinyamaza ghafla mbele ya ndoo.

Mizani yenyewe nayo ipimwe. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, mpya, haijafunguliwa, ina uzito wa kilo moja na nusu na kidogo tu cha plastiki. Itundike kwanza kwenye mizani ya muuzaji. Ikisoma kilo moja na robo tatu, salimia uende. Na mfuko umwage chini kabla ya kupima, maana mchanga na mawe hukaa chini, na risasi ya kung'aa hukaa juu.

Kuyeyusha

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila shida. Hatari zake ni mbili na zote zinazuilika: maji na vumbi.

Maji kwanza. Tone likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke kwa mara moja na kurusha risasi yote usoni mwako. Chubwi za nyavu za zamani zimekunjwa kuzunguka kamba, na ndani ya mkunjo huo maji ya ziwa hukaa siku nyingi. Kwa hiyo zifungue zote kwa bisibisi, toa kamba, anika juani siku kadhaa. Kisha ziweke kwenye chungu kikiwa baridi, zipashwe moto pamoja nacho zikauke zinapopata joto. Kamwe usitupie kipande kipya kwenye risasi iliyokwisha kuyeyuka. Usiyeyushe siku ya wingu. Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Mei; kazi hii ni ya kiangazi.

Chungu kiwe cha chuma kinene, hata cha kuchomelewa na fundi, kilichojaribiwa kwa maji kwamba hakivuji na kukaushwa kabisa. Sufuria ya alumini isikaribie hapa. Ikipata joto kali inalegea, na siku itakayotoboka risasi itamwagika miguuni pako. Usikate mtungi wa gesi kutengeneza chungu. Na huhitaji kikubwa: kilo 5 za risasi hazijazi hata nusu lita. Chungu hicho, upawa wake na jiko lake havirudi jikoni milele, hata vikioshwa kwa mchanga.

Mahali pawe wazi, mbali na nyumba, upepo ukitokea mgongoni kwako. Pasiwe kwenye mwalo. Mchanga ule unaanikwa dagaa, na dagaa wanaliwa na nchi nzima. Mimi napanda mlimani nyuma ya makazi, mahali pasipo na kisima wala mchicha wa mtu. Mtoto asije. Mama mjamzito asije, maana risasi inapita kutoka damu ya mama hadi kwa aliyemo tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi kwa sababu inagusa ubongo wake unaokua. Vaa viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, suruali ndefu ya pamba iliyoshuka nje ya viatu, miwani, glavu za ngozi. Kitambaa cha puani hakizuii moshi wa risasi, kwa hiyo kinga yako ni kusimama upande wa upepo na kutozidisha moto.

Moto wa taratibu una faida nyingine kubwa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 hivi. Ukiweka moto wa wastani, risasi inakuwa maji wakati zinki bado ni ngumu, na kwa kuwa ni nyepesi inaelea pamoja na vibanio vya chuma. Zitoe zote kwa upawa wenye matundu kabla hazijapata joto zaidi. Ukichochea mkaa kwa haraka, zinki inaingia ndani, na hapo risasi yako inakuwa nzito na yenye madonge kama uji wa mtama uliopoa, haijai kalibu, inapasuka ikikunjwa. Mpaka leo sijaona njia ya mkaa inayoitenganisha tena.

Joto utalijua bila kipimajoto. Chovya kipande cha gazeti kikavu: kikigeuka kahawia baada ya muda mfupi, risasi iko tayari. Kikishika moto, umezidisha. Ukiona uso wa risasi unafanya rangi za dhahabu na zambarau mara tu baada ya kuukwangua, punguza mkaa.

Kisha safisha. Tupia kipande kidogo cha mshumaa, rudi nyuma hatua moja kwa sababu kitawaka, halafu koroga ukikwangua chini na pembeni. Risasi iliyoshikwa na uchafu inarudi chini, na juu yanabaki mavi ya risasi, unga wa kijivu. Uchote polepole, usiupulize, uweke kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Unga huo ni mbaya kuliko risasi yenyewe. Usiutupe ziwani, shimoni wala kwenye majivu yanayokwenda bustanini. Kopo likijaa lipeleke kwa yule yule mkusanyaji wa betri mwenye kibali.

Kalibu na kufunga

Zipo kalibu nyingi, lakini kwa makila mimi napendelea ukanda. Chukua bamba la chuma bapa, weka juu yake vyuma viwili vyenye unene wa milimita 3 vikiachana sentimita 2, vifunge kwa vibanio. Pitisha moto wa mshumaa juu yake upate masizi, risasi isishike. Pasha bamba lote kwanza, kukausha unyevu na kuondoa ubaridi. Mimina kwa mkono mmoja bila kusita. Kanda za mwanzo hutoka na mikunjo kwa sababu kalibu haijapata joto. Zirudishe mwanzo wa chungu kingine, usizitupie ndani ya hiki.

Ukipoa, kata kwa mkasi wa bati. Kipande cha milimita 3 kwa sentimita 2 kwa sentimita 7 na nusu kina gramu 50 hivi. Kilo moja inatoa 20. Kamba ya chini ya mita 100 yenye chubwi kila mita inahitaji kilo 5, basi utajua ununue kiasi gani kabla hujaenda Mwanga. Kunja kipande kimoja cha majaribio na kukikunjua. Kikivumilia, kazi ni nzuri. Kikipasuka kwenye mkunjo kina antimoni nyingi. Changanya na risasi ya nyavu za zamani mpaka kilegee. Kigonge kuzunguka kamba juu ya gogo kwa nyundo nyepesi, kishike bila kukata nyuzi, na ncha zake zilainishwe zisikwaruze macho ya wavu.

Hesabu ya kweli

Sasa rudi kwenye mizani. Mfano wa kukokotoa, weka tarakimu zako. Umenunua kilo 12 za risasi ya tairi kwa shilingi 3,000 kwa kilo, mkaa 4,000: jumla 40,000. Vibanio, zinki na uchafu vimetoka, umebaki na kilo 9. Kila kilo safi imekugharimu 4,444. Mwenzako kanunua kilo 12 za nyavu za zamani kwa 3,500, mkaa 4,000: jumla 46,000, na amebaki na kilo 11.6. Kilo yake ni 3,966, tena ni laini kuliko yako. Andika hesabu hii kwenye daftari kwa kila muuzaji. Baada ya mizigo michache utajua nani anakuuzia risasi na nani anakuuzia mchanga.

Ukimaliza, nawa kwa sabuni mikono na uso kabla ya kunywa hata maji. Sigara ya katikati ya kazi ni kula risasi kwa mkono wako. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisilale chumba kimoja na watoto. Watu husema maziwa yanaondoa sumu hii, hayaondoi. Kula vizuri kunasaidia mwili, lakini risasi ikishaingia kwenye mifupa hukaa miaka na miaka.

Na kama huna mahali pa mbali, kama ua wako ni ule wa nyumba tano zenye watoto, usiyeyushe. Nunua chubwi zilizo tayari, au tumia chuma. Chubwi ya risasi ya gramu 50 ikiwa majini ina uzito wa gramu 46 hivi. Nati ya chuma ya gramu 52 inavuta vile vile. Jiwe lingehitaji gramu 73 hivi, na udongo wa kuchoma karibu 90, ndiyo maana vinatuna na kunasa kwenye miamba. Nati zilizochakaa zinapatikana gereji yoyote. Zipake rangi ya mafuta mara mbili, ziache zikauke vizuri, zipitishe kwenye kamba kabla ya kuifunga kwenye wavu, na piga fundo kila upande wa nati ili isiteleze.